Kontena ya Pili Imejaa

Waliingia saa tatu asubuhi kwa kuvunja mlango uliokuwa wazi. Mpaka leo sielewi kwa nini mtu apige teke mlango ambao angeusukuma kwa kidole. Komeo liling'oka likanipiga begani. Walikuwa watano, na wa mbele, ambaye wenzake walimwita chef, yaani mkubwa, alibeba bunduki begani na nondo mkononi. Walikuwa wa upande gani, sitasema. Wiki zile mji wetu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ulibadilisha mabwana, na kwangu mimi viatu vyao vyote vilikanyaga namna moja.

Ndani tulikuwa wawili: mimi na mwenzangu wa kazi, mwanamume wa miaka hamsini hivi niliyemwita grand, kama tunavyomwita kila kaka aliyetutangulia, naye akiniita petit, yaani mdogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyejua kunituliza nilipowaka. Nawaka haraka. Sijivunii.

Ofisi yetu iliandikisha watu waliopoteza mali: kwanza walioathiriwa na mafuriko ya mto Mulongwe, baadaye wakulima waliokimbia risasi kutoka Bwegera na Kiringye. Programu ya kuwaandikisha tuliitengeneza wenyewe, ingawa kompyuta za ofisi zilikuwa zimefungwa na wakubwa wa mbali. Hukuweza kuweka ndani yake kitu chochote kipya. Ukijaribu, inakuomba neno la siri la mtu ambaye hatukuwahi kumwona hata kwa picha. Siku moja nilipiga meza ngumi mpaka nikachubuka. Grand akacheka, akanionyesha njia: usiweke kitu humu, fungua intaneti tu, ingia kwenye mashine ya kukodi iliyo nchi nyingine, ufanyie kazi huko. Mashine za namna hiyo huitwa wingu. Programu inakaa huko ndani ya kifurushi chake pamoja na kila inachohitaji, na kifurushi hicho mafundi wanakiita kontena.

Sisi tulisema kontenere, kama vile tunavyoyaita yale masanduku makubwa ya chuma ambayo watu wa hapa wameyageuza maduka. Tulikuwa nazo tatu: ya fomu, ya majina, na ya majaribio. Umeme ukikatika, na unakatika kila siku, hatukuweza kuona hali yake, kwa hiyo tulijizoesha kubandika karatasi ukutani, anayetoka amwachie habari anayeingia. Ya siku hiyo niliiandika mimi, kwa kalamu nyekundu:

KONTENERE YA 1 IKO MUZURI. YA 2 IMEJAA KABISA, TUIPUNGUZE LEO. YA 3 MUSIIGUSE.

Chef aliisoma polepole, kidole kikifuata kila neno. Alipofika mwisho akatabasamu.

"Hizi kontenere ziko wapi?"

Grand akamwambia ukweli, na ukweli ndio uliotuponza.

"Haziko hapa, chef. Ziko mu mawingu."

Mmoja wa wale askari akacheka. Chef hakucheka.

"Weye muzee, unanizarau? Mawingu inabebaka kontenere?"

Alimshika grand mkono wa kuume, akaulaza juu ya kompyuta, akaupiga kwa nondo. Nilisikia mfupa. Vibonye vya herufi viliruka vikatapakaa sakafuni. Akapiga tena palepale, na sauti iliyomtoka grand sikuijua, ilhali nilikuwa nimekaa naye meza moja miaka minne. Nikaanza kupiga kelele kwamba ni programu, ni kitu cha mu ordinateur, si kontenere ya chuma, nikaigeuza ile kompyuta nimwonyeshe. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na betri ilikuwa imekwisha. Chef akatazama kioo cheusi, akanitazama mimi, kisha akakipiga nondo kikapasuka vipande, kimoja kikanichana shavu.

"Imejaa nini? Masasi? Bunga?" Alitaka kujua kama ni risasi au unga.

Walimpigisha grand magoti na kumtia mtutu wa bunduki kinywani. Jino lilivunjika, nikaliona likidondoka na damu kwenye shati lake. Chef akasema atahesabu mara tatu. Alisema moja, akangoja. Aliposema mbili, hakungoja, akafungua kinywa kusema tatu.

"Ya pili iko Mulongwe," nikasema. "Minye nitawaonyesha."

Mtaani Mulongwe kulikuwa na kontena kweli. Ilikuwa ya chuma, ya buluu, karibu na mto, na mama mmoja mjane aliuzia humo mchele wa Bwegera na unga wa muhogo. Nilikuwa mteja wake. Grand pia alikuwa mteja wake. Akiwa na ule mtutu kinywani alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, upande huu na upande huu. Alikuwa ananikataza. Nilijifanya sikuona.

Wawili walibaki naye. Chef aliniambia nikiwa nimedanganya, watammalizia hapo hapo. Watatu walinitanguliza barabarani, kisu cha bunduki mgongoni, na kila nilipopunguza mwendo kilinichoma. Njia nzima niliomba mambo mawili: kontena isiwe tupu, na mama asiwepo. La kwanza nilipewa. Duka lilikuwa limefungwa kwa sababu ya risasi, lakini mama alikuwa amekaa mlangoni pake analinda.

Walivunja kufuli. Mama akasimama, akashika mlango kwa mikono miwili, akasema huu ni mchele wa watoto wa marehemu, mtaua watoto. Chef alimpiga nondo gotini, akaanguka kwenye tope, na alipojaribu kunyanyuka akampiga goti lilelile mara nyingine, kisha mwingine akamkanyaga shingo akatulia. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Hasira yangu, ile inayovunja meza kwa sababu ya neno la siri, siku hiyo haikunifikia hata kidole. Niliogopa, basi.

Walifurahi sana kuona magunia. Chef alinipiga kofi la mgongo, la urafiki kabisa, akasema, "Sasa ulikuwa unaficha nini, petit?" Wakaniamuru nibebe. Nilibeba magunia ya mama yule mpaka kwenye gari lao lililokuwa limetufuata nyuma, moja baada ya jingine, nikimruka pale alipolala. Kontena ilipokwisha kuwa tupu, chef akawaita wale wawili kwa simu, wakaniacha. Nilikimbia mpaka ofisini, nikamkuta grand hai, peke yake, ameegemea ukuta. Nikamkumbatia nikilia. Yeye hakunikumbatia. Nilijiambia ni kwa sababu ya mkono.

Hatukuzungumza habari ile. Ofisi ilipofunguliwa tena walituletea kompyuta nyingine, imefungwa vilevile, na tulipoingia kwenye wingu tulikuta majina yote yapo salama, hakuna hata moja lililoguswa. Grand alirudi kazini vidole vya kuume vikiwa vimeganda, akajifunza kuandika kwa kushoto. Ananisalimu. Ananiuliza habari za nyumbani. Petit haniiti tena.

Mwezi uliofuata yule mama alikuja kuandikishwa, na foleni ikamleta kwenye meza yangu. Alitembea kwa fimbo, mguu mmoja haukunjiki. Nilitaka kutoka nje. Nilibaki kwa sababu watu walikuwa wengi na wangeuliza. Akakaa, akaniangalia vizuri, na macho yake yakajaa machozi.

"Mutoto yangu, ni weye? Nilikuona ile siku. Walikubebesha mizigo yangu na damu inakutoka ku shavu. Nilisema kile kijana nacho wamekiua. Pole, mutoto yangu. Pole sana."

Nilianza kumsomea maswali, kwa sababu maswali yalikuwa yameandikwa na sikuhitaji kuyafikiria. Magunia mangapi. Vidonda gani. Nani waliofanya. Akajibu yote kwa upole. Swali la kumi na moja wakubwa walikuwa wameliongeza juzi juzi: je, kuna mtu aliyewaonyesha mahali?

Aliegemeza fimbo mezani.

"Huyo simujue," akasema. "Mungu ndiye anamujua. Andika hivyo."

Nikaandika: hajulikani. Nikabonyeza, jibu likaingia.

Grand alikuwa meza ya pili, umbali wa mkono tu kutoka kwetu, na alisikia kila neno. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuandika kwa kushoto, herufi moja moja, jina la mtu aliyekuwa mbele yake.