Tumbo la Gari Langu

Jirani yangu wa Galbet, bibi ambaye mtaa mzima tunamwita ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, alikuwa amepata mjukuu wake wa kwanza huko Hulugho. Asubuhi ya safari yake, akika ya kumchinjia mtoto ilikuwa imebaki siku moja. Gari la Hulugho huondoka saa tatu asubuhi, na likikuacha unangoja siku mbili. Mimi, mwalimu niliyeletwa huku na kazi kutoka bara, nilijitolea kumpeleka stendi kwa gari langu, ambalo amezoea kulipanda. Tena kwa mbwembwe, nikamkataza hata kuita tuktuk.

Saa mbili na nusu, ayeeyo ameshaketi nyuma na mabunda yake, nikapiga stata. Injini ikazunguka vizuri lakini haikuwaka. Nikarudia. Wapi!

Mimi si fundi, ila nimetazama video nyingi mno kukubali kwamba si fundi. Nikatangaza kuwa betri ni nzima, la sivyo injini isingezunguka. Nikachomoa plagi moja, nikamwomba mwenye duka la jirani apige stata: cheche ikaruka. Geji ilionyesha nusu tangi, basi petroli nikaifuta kabisa kwenye orodha ya washukiwa. Wanaume wanaokaa kibarazani pa duka walikuwa wameshazunguka boneti. Mmoja alitaka tusukume, mwingine aliapa injini haipati hewa. Nikawafokea wote, maana saa ilikuwa inakimbia na aibu ilikuwa yangu.

"Mwalimu, nyamaza," ayeeyo akasema kutoka nyuma. "Nyinyi wote nyamaza! Ngamia ikiwa gonjwa, mimi nasikia tumbo kwanza."

Akainama, akabandika sikio kwenye kiti.

"Sasa fungua ufunguo bole bole. Usibige stata."

Nikafungua. Kimya.

"Wallahi, kila siku nikikaa hapa, hii chini inanguruma kidogo. Leo tumbo imekufa."

Niliona haya mpaka masikioni. Pampu ya petroli inakaa hapo hapo chini ya kiti, na ukifungua ufunguo hunguruma sekunde mbili hivi kabla hujapiga stata. Nilikuwa nalijua hilo! Geji ilisema petroli ipo, haikusema inafika. Nikajitupa chini ya gari. Waya wa pampu ulikuwa umetafunwa, na kando yake kinyesi cha mbuzi, kibichi kabisa. Hakuna aliyeuliza mbuzi wa nani. Mtaani kwetu mwenye mbuzi ni mmoja tu, naye alikuwa ameketi kiti cha nyuma akitazama pembeni.

Nikaunga waya kwa kisu na utepe. Pampu ikanguruma, injini ikawaka, kibaraza kizima kikapiga makofi.

Stendi tulikuta gari la Hulugho limeshaanza kutembea. Ayeeyo akafungua mlango kabla sijasimama sawasawa, akakimbia na mabunda yake akipiga kelele kwa Kisomali, mpaka likasimama. Hakugeuka hata kuniaga. Moyo wake ulishafika Hulugho, umempakata mtoto. Nilifurahi mno, nikabaki nikipunga mkono peke yangu katikati ya vumbi.