Bakuli la Bettie

Gawie Terblanche wa Knysna alikuwa na kerezo dogo la mezani, ile mashine ya kuzungusha mti huku ukiuchonga. Halikuweza kukereza kitu kipana kuliko sahani. Mkewe Bettie alitaka bakuli la kukandia unga wa mkate, pana kama la mama yake lililopasuka, na gogo la podo walikuwa nalo moja tu. Basi gari likatolewa gereji, na mahali pake likaingizwa kerezo kubwa la kusimama sakafuni.

Gawie akalifunga gogo, akawasha mashine kwa kasi ile ile aliyoizoea kwenye lile dogo. Gogo lilikuwa zito upande mmoja. Kerezo likatetemeka, likaanza kutembea, na gogo likachomoka likagonga ukuta.

"Baba, u mzima?" Bettie aliita.

"Mimi mzima. Gogo ndilo lenye ufa."

Akapunguza kasi, akaukata ufa. Kumbe uliingia ndani zaidi, akakata tena, na tena. Jioni akampelekea bakuli laini, zuri kweli. Bettie akaligeuzageuza kiganjani.

"Jamani baba, hili si lingetoka kwenye lile dogo?"

"Lingetoka, mama, tena bila kelele."

Nikienda kwao, sukari ya chai hutoka humo. Gari bado linanyeshewa nje.