Siku Nilipomwonyesha Rubani Barabara

Naona aibu kuisimulia hii, lakini afadhali muisikie kwangu kabla haijawafikia kwa Mzee Salim wa duka la vitambaa, maana siku hiyo alikuwa ameketi ng'ambo ya kijia cha ndege tu, aliona yote, na kila akiisimulia pale mtaani kwetu Kaloleni, Kisumu, ananiongezea machozi ambayo sikuyatoa (niliyatoa machache, na mengine yalikuwa jasho).

Chanzo ni mdomo wangu. Mnajua kazi yangu ni kuweka madirisha ya alumini, na mwaka juzi nilipata kibarua cha wiki mbili kwenye jengo moja karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, nikawa kila alasiri natazama ndege zikitua huku nikila mahindi. Huo ndio uzoefu wangu wote wa ndege. Sasa siku moja niko Katito kwa wakwe zangu, shemeji wanalalamika jinsi barabara ya Nairobi ilivyowavunja mgongo, nikajisikia nikisema kwamba mimi siku hizi barabara siiwezi tena, nimezoea ndege. Hakuna aliyeniuliza. Mama mkwe, ambaye kwa miaka mitano hakuwahi kunitaja kwa jina (kwake nilikuwa "huyo kijana wa Kaloleni", hata nikiwa nimesimama mbele yake na kuku mkononi), akageuka akanitazama vizuri, na ule mtazamo ulinikolea hata nikaongeza kwamba marubani wengine hunisalimia.

Uongo huo ulikaa kimya mwaka mzima. Halafu Mama mkwe akaenda Nairobi kufanyiwa upasuaji wa jicho, daktari akasema asirushwe-rushwe barabarani wakati wa kurudi, na mwanawe mkubwa aliye huko akanunua tikiti mbili za ndege, moja ya Mama na moja ya mtu wa kumsindikiza. Ukoo mzima haukuhitaji hata kikao. Mtaalamu wa ndege si yupo? Nikaenda Nairobi kwa basi kumchukua (nikadanganya kwamba ndege zote za kwenda zimejaa), na kabla sijaondoka mke wangu Atieno akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Junior, usiniangushe. Ukimleta Mama vizuri, hakuna mtu kwetu atakuita kijana tena." Hayo maneno nililala nayo na kuamka nayo.

Na lazima mjue jambo moja. Kwetu Wajaluo mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hamtaniani, hamketi bega kwa bega, na habari ya kushikana-shikana ndiyo usiseme kabisa, wazee watakutajia chira, ile laana ya mwiko inayomkondesha mtu hata kama anakula vizuri. Bahati nzuri tikiti zilikuwa na heshima zao: Mama safu ya tisa, dirishani, upande wa kulia, na mimi safu ya kumi na nne, nyuma huko na watu wasionijua. Ningekaa kiti changu, leo ningekuwa bado mtaalamu.

Lakini nilipochungulia nikaona Mama, jicho moja limefunikwa kwa bandeji nyeupe, anaonyeshwa kufunga mkanda na msichana mmoja mwanafunzi aliyeketi kando yake, na wivu ukanishika. Nikawaza, huyu atafika Katito aseme alisaidiwa na mtoto wa watu wakati mkwe wake mwenye ndege amekaa nyuma kama mzigo. Basi nikaenda nikamwomba yule msichana tubadilishane viti. Kosa ni hilo moja tu, mengine yote yalijileta yenyewe.

Ndege zenyewe ni zile ndogo za mapangaboi, viti viwili huku viwili kule, na kiti hakijui mambo ya mkwe. Nilijikunja kuelekea kwenye kijia mpaka mbavu zikauma, nikaanza masomo. Kengele ikilia "ting", namwambia Mama huyo ni rubani anatusalimu. Bawa likitikisika, namwambia linapumua. Mhudumu alipoleta juisi na biskuti, Mama akauliza ile bahasha ya karatasi ngumu iliyo kwenye mfuko wa kiti ni ya nini, nami bila kupepesa macho nikamwambia ni ya kubebea biskuti zinazobaki, awapelekee wajukuu. Nikatia zangu kwenye bahasha yangu, nikaikunja vizuri, naye akatia zake. Mzee Salim kutoka ng'ambo ya kijia alinitazama, akafungua kinywa, akakifunga (anasema aliniheshimu kwa sababu nilikuwa na mkwe wangu, na kwa hilo namshukuru).

Mambo yalienda vizuri hadi tulipoanza kushuka juu ya ziwa. Ilikuwa alasiri, mvua imejikusanya upande wa milima ya Riat, na upepo ulikuwa unashuka kutoka huko na kuikata njia ya ndege kutoka ubavuni. Ndege ikaanza kuruka-ruka. Nikamwambia Mama haya ni kawaida, ila sauti ilitoka nyembamba. Nikainama kidogo nimwonyeshe Kisumu dirishani, na hapo ndipo nikaona kitu kilichonimaliza nguvu: barabara ya kutua ndege, ile lami yenyewe na mistari yake myeupe, iko dirishani. Dirisha la pembeni. Mimi nilikula mahindi wiki mbili nikitazama ndege, na nilijua kwamba barabara inatakiwa iwe mbele. Pua ya ndege ilikuwa imeelekea Riat kabisa, na sisi tunashuka.

Nikangoja labda rubani ataona. Hakuonekana kuona.

Ndipo nikasimama nusu, mkanda ukanirudisha chini, nikapiga kelele kwa sauti ninayotumia kuita fundi aliye ghorofa ya tatu: "Rubani! Barabara iko huku! Huku kulia!"

Abiria wote waligeuka kunitazama. Mhudumu, ambaye naye alikuwa amejifunga mkanda kule mbele, akanionyesha kwa mkono nikae chini. Na wakati huohuo upepo ukatupiga pigo moja la nguvu, bawa likainama, kisha injini zikanguruma na badala ya kushuka tukaanza kupanda juu, juu, viti vikatusukuma mgongoni, na mimi nikajua hii sasa ni safari ya mbinguni moja kwa moja.

Mikono yangu haikuniuliza. Nilipopata fahamu nilikuwa nimemkumbatia mama mkwe wangu mkono wote wa kushoto, kichwa nimekiingiza kwapani mwake, macho nimefumba, na ninaungama. Nilisema, kwa sauti ambayo Mzee Salim anadai ilifika hadi choo cha nyuma, "Mama nisamehe, mimi sijawahi kupanda ndege hata siku moja, hakuna rubani ananijua, naomba nisife na uongo." Miaka sita ya kutafuta heshima iliisha hapo, katika sentensi moja, mbele ya watu hamsini na zaidi.

Rubani akatangaza, ametulia hata nikamchukia, kwamba upepo wa ubavuni umezidi kidogo, tutazunguka na kujaribu tena. Tumbo langu halikutaka kuzunguka. Nikaanza kupapasa mfuko wa kiti, nikapata bahasha imejaa biskuti. Mama aliniona. Akachukua bahasha yake, akamwaga biskuti zake zote kwenye mapaja yake, juu ya leso mpya aliyonunuliwa Nairobi, akanifungulia mdomo wa bahasha na kunishikia.

"Tapika hapa," akasema. "Hii haikuwa ya biskuti. Mtoto yule mwanafunzi alikuwa ameniambia."

Nikatapika. (Haya, chekeni.) Nilipomaliza, bado sijauachia mkono wake, akanigeuza kichwa kwa nguvu kuelekea dirishani, maana tulikuwa tumekwisha kuzunguka na tunashuka tena, na barabara iko palepale pembeni.

"Wewe umezaliwa mjini, haujui ziwa," akasema. "Mimi nimetoa samaki Kendu Bay na boti kabla nizae Atieno. Kama upepo inapiga kutoka kando, unaelekeza boti kule upepo inatoka. Watu kwa boti wanalia, wanasema mama tunapotea. Wewe nyamaza. Upepo yenyewe itakusukuma mpaka kwa bandari. Ukielekeza moja kwa moja, utafika kijiji ya watu wengine." Akaangalia nje kwa lile jicho lake moja. "Huyu dereva anajua kazi. Sasa ngoja, akikaribia atanyoosha."

Na kweli, tulipokuwa juu ya lami tayari, pua ikarudi ikanyooka, gurudumu moja likagusa chini, tukaelea kidogo, la pili likagusa, tukawa chini. Watu wakapiga makofi. Mimi sikuweza kupiga, mikono yangu ilikuwa kwa mama mkwe.

Aibu ilinishika kikamilifu ndege iliposimama. Niliuachia ule mkono kidole kimoja kimoja, sikuweza kumtazama usoni, nikamwambia kwa unyenyekevu wote kwamba nimevunja mwiko na niko tayari wazee waitwe. Mama alikuwa anaokota biskuti kwenye leso yake, moja moja.

"Mwiko ni ya bomani," akasema. "Kule juu hakuna boma ya mtu."

Nje walikuwa wanangoja Atieno na shemeji zangu wawili kutoka Katito. Walikuwa wameona ndege ikishuka, ikapaa tena, ikapotelea juu ya ziwa, kwa hiyo nyuso zilikuwa zimesawijika. Wote wakauliza kwa pamoja kumetokea nini. Nilifungua kinywa. Nawaambia ukweli, nilitaka kusema, lakini Mama alinitangulia.

"Upepo ilikuwa mingi," akasema. "Odhiambo alinishika."

Basi. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Ndiyo, alinitaja jina langu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na nilipolisikia nilitaka kulia kuliko nilivyolia kule juu. Atieno akanitazama kwa fahari mpaka nikaangalia viatu. Yule mkubwa kati ya shemeji hao wawili akanipiga begani, akasema ni vizuri familia kuwa na mtu mzoefu, na kwa kuwa daktari anataka kumwona Mama tena mwezi ujao, ni wazi nani atampeleka, kwenda na kurudi, kwa ndege.

"Atanipeleka," Mama akasema, akiingia kwenye gari. "Lakini kila mtu kwa kiti yake. Na asiweke biskuti kwa bahasha."

Wote wakacheka bila kuelewa, nami nikacheka zaidi ya wote.

Katito mpaka leo hawajui. Kaloleni wanajua kila kitu, maana Mzee Salim alifika dukani kwake kabla sijafika nyumbani, na sasa nikipita na kioo cha dirisha begani, kuna mtu lazima aniite kutoka ng'ambo kwamba barabara iko huku. Ninageuka na kumpungia mkono. Nimeapa sitajifanya tena mjuzi wa kitu nilichokiona tu nikila mahindi, na nimeapa kwamba Mama akishapona jicho nitaketi mbele ya shemeji zangu niwaambie mwenyewe. Safari ni Jumanne ijayo. Yeye safu ya tisa, mimi ya kumi na nne, na bahasha yangu itabaki tupu.