Mwenye Jina la Ngai

Siku ya kubarikiwa ndoa yetu kwa wakwe zangu Kitengela, mjomba wangu alikuja na daftari. Ni mwalimu mstaafu, Mkamba wa Machakos, na tangu astaafu hana darasa la kusumbua ila ukoo wetu. Aliketi mbele akamweleza baba mkwe, Mmaasai aliyetuchinjia mbuzi watatu, kwamba neno Ngai, yaani Mungu, ni la Wakamba tangu dunia iumbwe.

Baba mkwe alimsikiliza kwa adabu, huku akitafuna.

"Hiyo mlitoa kwetu," akasema. "Sisi tunasema Enkai. Ng'ombe mkiiba tulikuwa tunawafuata tunarudisha. Hii jina tuliwaachia."

"Hizo ng'ombe zilikuwa zetu, mzee."

"Ng'ombe zote Enkai alipea Mmaasai."

Mama yangu akasema polepole kwamba nyanya yake alipoomba alimtaja Mulungu, si Ngai. Mjomba alimkata jicho. Hilo halikuandikwa daftarini.

Sasa, baraka ya Kimaasai haitolewi na mtu mmoja. Mzee hutamka, na kila anapopumua waliopo huitikia "Naai", yaani Ee Enkai, Ee Mungu. Usipoitikia, hujaipokea. Mke wangu alinifundisha wiki nzima, maana aliitaka baraka ya babake kuliko keki. Lakini mjomba alishapitisha amri hemani: Mkamba yeyote asiitikie, tusije tukaonekana tumekubali kwamba neno tuliazima. Tungesema Amina mwishoni, kana kwamba Amina ilizaliwa Machakos.

Baba mkwe akasimama na fimbo yake. Watu wake waliitikia, wetu wakaangalia viatu. Akawanyamazisha wake, akataka kutusikia sisi wawili tu.

Akatuombea watoto. Mke wangu akaitikia. Nilifungua mdomo, nikamwona mjomba amenikodolea macho, nikaufunga. Mwanamume mzima, mwenye ndevu. Akatuombea mvua. Sauti ya mke wangu peke yake. Alipotuombea tuzeeke pamoja, sauti hiyo ikakatika katikati, naye akanitazama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado sikusema kitu.

Mzee akashusha fimbo, akaweka mkono kichwani pa binti yake.

"Wewe nimekubariki," akamwambia. "Huyu atabarikiwa na mjomba yake."