Maharagi ya Mama na Maharagi ya Agronomi

Ile mbegu ya maharagi ya mama yangu nilitaka kupika yote, leo imejaza vitunga mpaka tunakosa fasi ya kuweka.

Musimu ulipita, maharagi mupya yenye alituletea agronomi Mubelji, fundi wa mashamba, ilizaa sana kwa shamba letu hapa Mushaki, ya mama kidogo tu. Nikasema ya mama imechoka.

Bwana wangu akaniuliza: "Na ile mupya, haukuipanda fasi ngombe zilikuwa zinalala?"

Nilikasirika. Lakini musimu huu nikabadilisha fasi: ya mama nikaipanda kwenye ngombe zililala, ile mupya kwenye ya mama ilikuwa.

Leo ya mama njo imeshinda. Kumbe ilikuwa mavi ya ngombe tangu mwanzo.

Niko na furaha, siwezi kukaa chini.

Sasa mama yangu anacheza katikati ya shamba: "Niliwaambia, mbegu yangu iko na nguvu."

Bwana wangu ananiangalia.

Ba rafiki, ninyi mungemwambia kama ni mavi ya ngombe?