Kamera Iliyoona Ikiangalia Mbinguni Tu

Afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu hadithi inayozunguka Ibanda, mtaa wetu hapa Bukavu, inasema nilikuwa nimelewa, na sikuwa nimelewa, ingawa nikiifikiria vizuri naona kulewa kungenipa heshima kidogo. Mtu aliyelewa akilala chali ndani ya mtaro wa maji ya mvua, mbele ya ngazi, bamama wote wa ukoo wakiwa wamesimama juu yake na vitenge vyao vya sare, watu husema masikini, ni pombe. Mimi nililala pale nikiwa na akili zangu zote, nimevaa shati jeupe la kuazima, na nilikuwa nimefikiri sana kabla ya kulala.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha mapema (mwalimu alituambia kwamba redio inakamata mawimbi, nikaenda nyumbani, nikafungua redio ili niyatazame, na kuanzia hapo mambo ya nyumbani na ya shule yaliharibika pamoja). Redio ile ilikuwa ya Tonton Sylvestre, kaka mkubwa wa baba yangu. Tangu siku hiyo nimebeba mizigo Minova, nimechoma matofali Nyangezi, nimeuza kadi za simu, nimekaa kwa fundi wa jenereta mpaka aliponiomba kwa upole nikakae kwa mtu mwingine. Kitu kikiwa na skrubu, mkono wangu huanza kuwasha. Siibi, na sina nia ya kuharibu. Nataka tu kuona.

Sasa, Tonton Sylvestre na mke wake, Tantine Nsimire, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na binti yao Riziki, mwenye ofisi na gari na kiwanja kizuri kinachotelemka kuelekea ziwani, akaamua kuwafanyia jubilei: misa asubuhi, chakula nyumbani kwake, halafu picha. Picha ndiyo ilikuwa shabaha ya yote. Miaka hamsini, na wale wazee hawakuwa na picha hata moja wakiwa pamoja, kwa sababu Tonton hakutaka kupigwa picha. Alisema kila mara alipopigwa ilikuwa kwa ajili ya karatasi ya serikali, na kila mara alitoka na sura ya mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Tantine alimwomba tangu ujana wao. ("Siku moja tutakufa, batoto bataweka nini ku mukuta? Kofia yako?") Mwaka huu, hatujui kwa nini, muzee akakubali.

"Moja," alisema, na akainua kidole ili tusije tukadai hatukusikia. "Ikipita, imepita."

Mpiga picha alipaswa kuwa rafiki yangu Deo, mwenye studio, lakini Deo alikuwa na harusi siku ileile, kwa hiyo akaniazima kamera yake ya zamani (niliwahi kumshikia taa mara kadhaa, nikajiona nimeiva). Riziki alikubali shingo upande. Deo alinipa kamera mkononi huku akinitazama machoni kama daktari anayetoa dawa kali.

"Hii kamera iko na ka-tabia. Kuna saa inaandika erreur, kosa. Usiogope. Unazima, unatoa objektifu, unapanguza hivi vidoti na kitambaa kikavu, unarudisha, unazungusha mpaka isikike tak. Njo hivyo tu. Usifungue kitu ingine. Umesikia, Bahati?"

"Nimesikia."

Na kweli nilisikia.

Objektifu ni lile jicho refu la mbele. Linaingia kwenye duara la chuma lililo mdomoni mwa kamera, unalizungusha, linakaza. Kwenye duara hilo kuna vidoti vidogo vya rangi ya dhahabu, na nyuma ya objektifu viko vingine kama hivyo. Vikigusana, kamera na jicho lake wanasikilizana, visipogusana kamera haijui hata kama ina jicho.

Asubuhi ya jubilei, nikiwa jikoni kwa Riziki najaribu kupiga picha ya sufuria, kwenye skrini yakatokea maneno ya Kifaransa yaliyosema muunganiko wa objektifu una kasoro, nisafishe vidoti. Nikazima, nikatoa, nikapanguza, nikarudisha, tak. Ikapona. Nikapiga sufuria, ikatoka safi. Mkasa huu ungeweza kuishia hapo, na leo ningekuwa mtu ambaye watu humpa vitu avishike.

Lakini nikajiuliza: kama inapona kwa kupanguzwa, kwa nini inarudi kuugua? Lazima kuna kitu chini ya vidoti. Nikachukua bisibisi ndogo ya miwani ya Riziki, nikafungua skrubu za lile duara moja baada ya nyingine, nikaziweka ndani ya kizibo cha soda ili zisipotee (angalieni jinsi nilivyokuwa mwangalifu), nikainua duara. Chini ya kila kidoti kulikuwa na kaspringi. Unakibonyeza kidoti, kinaingia, unakiachia, kinarudi. Nilivibonyeza vyote. Sitaficha kwamba nilikuwa na furaha.

Nilipoinua kichwa, Riziki alikuwa anapangusa meza.

"Bamama banakuya saa hii, na weye unajaza takataka ku meza," akasema, na kwa mkono mmoja akafagia vizibo, maganda ya ndizi na mabaki ya sombe, yale majani ya muhogo, vyote ndani ya ndoo, na ndoo ikaenda moja kwa moja kwa mbuzi wa jirani. Nilipofika kwenye ukuta mbuzi alikuwa anatafuna. Nilimtazama, naye akanitazama. Halafu akameza.

Ilibaki skrubu moja, ile iliyokuwa imenata kwenye ncha ya bisibisi. Nikalifunga duara kwa hiyo moja. Objektifu ikaingia, lakini ikawa inacheza kama jino la mtoto. Nikielekeza kamera mbele, objektifu inainama, vidoti vinaachana, erreur. Nikiishikilia kwa mkono, erreur. Nikiielekeza juu, kuelekea dari, objektifu inalala kwa uzito wake juu ya vidoti, na kamera inaona kila kitu. Nikajaribu tena na tena, kila mara ni vilevile: ikiangalia juu inaona, ikiangalia watu ni kipofu.

"Kamera iko sawa?" Riziki akauliza kutoka mlangoni.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, muda ulikuwepo wa kutafuta hata simu ya jirani.

"Iko sawa kabisa," nikasema.

Kanisani nilipiga dari. Dari lilitoka vizuri sana.

Baada ya chakula, Tonton akasimama, akavaa kofia, akasema twende tumalize. Riziki aliwapanga kwenye ngazi za mawe zinazoshuka kutoka barazani: wazee katikati, watoto na wajukuu pembeni, na mbele, ngazi ya chini kabisa, safu ya bamama wakiongozwa na Maman Cibalonza, mdogo wake Tantine, ambaye sauti yake kwenye kwaya haihitaji kipaza sauti. Ilikuwa imenyesha mchana na kila kitu kilimeta.

Nilisimama mbele yao, nikainua kamera. Erreur.

Nikakumbuka kwamba Bukavu hakuna kiwanja kilicho sawa, nikafurahi: nikishuka, watakuwa juu yangu, kamera itaangalia juu. Nikarudi nyuma hatua kadhaa kuteremka mteremko. Erreur. Nikashuka zaidi, nikapita migomba.

"Papa photographe!" Maman Cibalonza akaita. "Unaenda kutupigia ndani ya maji?"

Wote wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu nilidhani bado tuko upande mmoja. Kule chini, karibu na ukuta wa mwisho, kamera ikakubali kuona, lakini ilichoona ni migomba na, kwa mbali, watu wadogo kama punje za mchele. Nikapanda tena, natoka jasho. Tonton alikuwa ameanza kuangalia saa.

Ndipo nikafikia uamuzi. Mbele ya ngazi kuna mtaro wa saruji unaopitisha maji ya mvua, na mtu akilala mle chali, kamera kifuani, kila aliye kwenye ngazi anakuwa mbinguni. Nikalala. Maji yaliingia kwenye kola na kutokea kwenye soksi. Nikaiinua usoni, nikaweka jicho. Kamera ikaona! Na kwa bahati mbaya, safu ya mbele nayo ikaniona.

"Eee! Bamama! Mufunge bikwembe!" Maman Cibalonza akapiga kelele, akikaza kitenge chake. "Huyu mutoto amelala chini yetu!"

"Unatafuta nini kule?" mwingine akauliza.

"Natafuta angle," nikasema.

"Angle gani iko chini ya kikwembe yangu?"

Bamama wote wakakaa chini kwa pamoja, ili wajifunike, juu ya mawe yaliyoloa, na wote kwa pamoja wakasimama tena, sasa wakiwa na sababu mbili za kunikasirikia. Maman Cibalonza akafungua mwavuli, akausimamisha mbele yake kama ngao. Kule juu Riziki alikuwa ameziba uso kwa mkono.

"Bahati. Simama."

"Siwezi."

"Juu ya nini hauwezi?"

"Nikisimama, haioni."

Jibu hilo, naelewa sasa, halikusaidia. Tonton akatikisa kichwa. "Nilisema moja," akasema bila hasira. "Imepita." Akageuka, akaanza kupanda kuelekea mlangoni.

Tantine Nsimire hakumwita. Kutoka pale chini niliona kidevu chake, na mikono yake miwili iliyokuwa imeshika mkono wa muzee na sasa haikuwa na cha kushika, akaitazama kidogo, halafu akaanza kunyoosha kitenge ambacho kilikuwa kimenyooka tayari. Matusi ya bamama ningeweza kuyavumilia mpaka jioni. Hilo sikuliweza.

"Tonton," nikasema, bado nimelala, "ni mimi niliyeiharibu. Niliifungua asubuhi. Haina ugonjwa mwingine. Sasa inaona tu ikiangalia mbinguni."

Mwavuli wa Maman Cibalonza ulishuka. Tonton akasimama, akageuka, akashuka ngazi polepole na fimbo yake, bamama wakimpisha, na Tantine nyuma yake akamshika mkono wa koti, maana yeye alidhani fimbo ina kazi. Akafika mwisho, akainama juu yangu.

"Uliifungua."

"Ndiyo, Tonton."

"Sawa na redio yangu."

"Sawa na redio."

"Juu ya nini?"

"Nilitaka kuona ndani muko nini."

Muzee akafikiri. "Na muko nini?"

"Springi, Tonton. Springi tu."

Akajiegemeza kwenye fimbo. Mvua iliyobaki kwenye migomba ilikuwa inadondoka usoni kwangu.

"Na mu redio," akauliza, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza, "mulikuwa nini?"

"Hamukuwa kitu."

Tonton Sylvestre akafungua mdomo, kikatoka kicheko ambacho sikujua anacho, kicheko cha kijana, mpaka kofia ikamtoka, na Tantine akaidaka huku akimtazama kwa mshangao, na Maman Cibalonza akachungulia juu ya mwavuli kuona kunachekwa nini. Kamera ilikuwa kifuani pangu, inaangalia mbinguni. Nikabonyeza.

Ikalia, klak.

"Moja," akasema Tonton, akajifuta macho, akaomba kofia yake.

Mkasa ungeweza kuwa na adabu ukaishia hapo. Lakini niliposimama, ile skrubu moja, ambayo ilikuwa imefanya kazi ya wenzake tangu asubuhi, ikachoka, na objektifu pamoja na duara vikatoka, vikaanguka kwenye majani, vikaanza kubingirika kuteremka kuelekea ziwani, nami nyuma yavyo, shati limenata mgongoni, ukoo mzima ngazini ukinishangilia kama mpira. Vilisimama kwenye ukuta wa mwisho, vizima, na padri aliyesoma misa, ambaye alikuwa bado anakula, alikataa kuuita muujiza. Deo alipoipokea kamera yake hakunigombeza. Aliuliza tu kama mbuzi ni mzima.

Picha ilitoka. Iko kwenye sebule ya Riziki, imewekwa fremu. Ina pua nyingi, mwavuli, kipande cha wingu, na katikati Tonton amecheka mpaka jino la mwisho, bila kofia, na Tantine anamtazama yeye. Tantine anasema ni nzuri kuliko hata aliyoiomba. Shida yangu ni kwamba wote wengine wanaangalia chini, kwenye kitu ambacho hakimo, na kila mgeni anayeingia anasimama mbele yake na kuuliza, "Bale banaangalia nini?" Hapo Tantine anaweka chai chini na kuanza tangu redio.

Nimeapa mbele yao wote: nikipewa kitu kinachofanya kazi, nitakiacha kifanye kazi, na nikipewa kisichofanya kazi, nitakirudisha kwa mwenyewe. Nimekishika kiapo hicho mpaka leo. Jana nilikuwa kwa Riziki, na Tantine yupo, rimoti ya televisheni ilikuwa inasumbua, Riziki anaibonyeza, anaipiga kwenye goti, anaibonyeza tena. Mimi najua ugonjwa wake, ni kaspringi kamelegea pale betri inapokaa, kuitengeneza hata dakika moja haifiki. Riziki akaniangalia. Tantine akaniangalia. Na kule ukutani, ukoo mzima ulikuwa unaangalia chini.

Nikakalia mikono yangu.