Tulikuwa Bangkok tukila, dada yangu akazikwa bila sala niliyomwahidi

Sifa na shukrani zimrudie Mungu aliye hai, aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi.

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi. Ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, nimekaa miaka mingi kambi ya wakimbizi Kigoma, na sasa ni mzee wa kanisa hapa Stockholm, naishi Fittja.

Nilipostaafu kazi ya usafi, watoto walitupa mimi na mke wangu, Mama Neema, zawadi: siku chache Bangkok, kutembea na kula. Wanajua ninavyopenda chakula.

Nilisita. Dada yangu Esta, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, alikuwa mgonjwa kule Uvira. Nikampigia kumwambia nitaahirisha.

"Wewe nenda," akasema. "Ukale, unisimulie kila sahani. Mimi hapa ni uji tu."

Kisha akanikumbusha ahadi yetu. Siku yake ikifika, sala ya mwisho kabla ya udongo niiombe mimi. "Hata kwa simu," akasema. "Baraka ataishika karibu na kaburi." Baraka ni mwanawe.

Nikasema ndiyo. Nikaenda.

Bangkok, wakuu, ni jiji lisilojua kukaa kimya. Bajaji zao zina taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Mtu anakaanga tambi barabarani, moto unaruka juu kuliko kichwa chake, na yeye anaongea na simu.

Tulipanda boti mtoni, tukaona mahekalu yenye paa za dhahabu. Mimi si wa imani hiyo, lakini nilivua viatu kama wengine. Nyumba ya watu inaheshimiwa.

Tulikula wali wa kunata na embe, umemiminiwa tui la nazi. Tukaonja tunda la duriani (wenzetu wa Zanzibar wanalifahamu). Harufu yake ilimkimbiza Mama Neema hadi upande wa pili wa barabara.

Kila jioni nilimtumia dada ujumbe wa sauti: leo nimekula hiki, kina ladha hii. Mwanzoni alijibu, kicheko kimechanganyika na kikohozi. Baadaye kimya.

Nikapiga. Akapokea Baraka. "Mjomba, daktari yuko ndani. Nitakupigia."

Hakupiga. Kesho yake simu haikushika kabisa. Nikaomba, nikaendelea kumsimulia dada vyakula.

Siku moja kabla ya kurudi tulikaa kwenye viti vya plastiki pembeni mwa barabara, tukaagiza supu ya kamba yenye mchaichai. Mama Neema akanywa kijiko kimoja, machozi yakamtiririka.

"Pilipili," akasema.

"Mwanamke wa Uvira unashindwa na pilipili?" nikamtania. "Subiri kina mama wa kwaya wasikie."

"Waambie," akajibu, akijifuta kwa karatasi. Nikamalizia na bakuli lake.

Binti yetu Neema alitupokea uwanja wa ndege wa Arlanda. Njia nzima kila nilichouliza alijibu kwa Kiswidi, "Ja, pappa," yaani ndiyo baba, basi. Nikadhani ni uchovu wa kazi.

Nilipofungua mlango wa nyumba yetu niliona viatu. Viatu vingi, vya wanaume na vya wanawake, vimepangwa ukutani, mchana wa siku ya kazi.

Wakuu, kwetu mtu aliye njiani hapewi habari ya msiba. Anasubiriwa afike, akae, ale, ndipo wazee wamwambie, ili isimkute mbali na watu wake. Mara nyingi nimeketi upande wa wanaoleta habari. Kwa hiyo nilipoviona viatu, nilijua. Mezani palikuwa na ugali na sombe, yaani kisamvu, na hakuna aliyenitazama machoni.

"Karibu ule kwanza, Mzee," akasema mchungaji.

"Mmeshamzika?"

"Kula kwanza, Mzee wangu."

"Nimekula siku zote hizi, Mchungaji. Dada yangu ameshazikwa?"

Akainamisha kichwa. "Juzi."

Juzi ilikuwa siku ya supu.

Nikamgeukia mke wangu. "Ulijua?"

"Neema alinipigia asubuhi ile," akasema. "Wazee walitaka ufike kwanza. Ningekuambiaje pale kwenye vile viti, Baba Neema? Ungeanguka, nani angekushika?"

Neema naye akasema, "Pappa, ungefanya nini kule?"

"Ningeomba," nikasema.

Hakuna hata mmoja wao aliyeijua ahadi ile. Baraka aliijua, lakini wazee walikuwa wamemwambia anyamaze, naye akatii.

Baadaye alinitumia video ya mazishi. Kwaya inaimba, jeneza linashuka, mvua inanyesha. Kisha Baraka anasema, "Hapa ni sala ya Mjomba." Watu wanainamisha vichwa. Hakuna sauti, ila mvua kwenye miamvuli. Wanasimama hivyo, wanasimama. Halafu mtu anasema amina, na makoleo yanaanza.

Jumapili baada ya ibada niliifungua nikiwa na Mama Neema. Ilipofika kwenye ule ukimya, nikaanza kuomba. Sala yangu ikazidi ukimya wao, makoleo yakanikuta katikati.

Mama Neema akanyoosha kidole, akairudisha nyuma. Nikaanza tena. Akairudisha tena, na tena, mpaka nikafika amina.

Simlaumu mtu. Walinificha kwa upendo, na nimewasamehe kabla hawajaomba. Lakini nimejifunza hili: ukiwa na neno mliloahidiana na mgonjwa, waambie wa nyumbani kabla hujapanda ndege. Nanyi mnaotunza habari za msiba, kumbukeni huenda huyo msafiri ana kazi yake pale kaburini.

Nyie wakuu, mngependa kuambiwa huko huko safarini, au kusubiriwa mfike? Andikeni. Macho yangu ni ya mzee, lakini nitasoma yote, polepole.

Na wewe uliyevumilia kusoma mpaka hapa, Bwana akulinde safarini, akurudishe salama, na ukifungua mlango wako ukute viatu vya watu wa nyumbani tu.